Koti la Binti wa Shangazi

Wee mwenzangu, siamini! Mama anamshonea binti wa shangazi koti la kuanzia chuo, akanisimamisha MIMI nilijaribu, eti miili yetu ni sawa. Yule yule aliyenizidi alama tatu kwenye mtihani!

Nikapasuka. Nikamwambia Mama nimeghairi chuo, narudia mtihani nimpite.

Mama, pini mdomoni: "Umefaulu vizuri, chuo kimekuita. Unarudia kwa ajili ya nani?"

Kwa ajili ya nani!! Ananiuliza hivyo na koti la mtu liko mwilini mwangu!

Akanimalizia: "Haya, rudia. Mwakani yeye yuko mwaka wa pili, wewe ndiyo kwanza unaanza, na koti hili utalirithi akishalichoka."

Nimelivua hapo hapo. Nimemwambia anikatie langu leo leo, na mifuko izidi ya lile.