Kifua cha Olipa

Jumatatu, 8 juin 1998

Bamemurudisha tena mutoto wangu Olipa kutoka masomo. Mwalimu anasema batoto wengine banaogopa. TB, banasema.

Mais, lakini TB gani? Dawa za TB alikunywa mpaka zikaisha. Akapumzika, akakohoa, akaanza tena kunywa. Kila mara banapima makohozi — safi, hakuna mududu. Na kikohozi kiko palepale, kile cha maji, kama mutu anayekokota mutumbwi ndani ya matope. Ana miaka kumi na moja. Ukimuona utasema saba. Ncha za vidole zimevimba, kucha zimejikunja kama mugongo wa kijiko.

Baridi ya juin, mwezi wa sita, upepo wa ziwa. Baba yake, Davies, yuko kwao ku kisiwa cha Kilwa, mule kati ya ziwa letu, anavua. Mimi niko na samaki juu ya moto, banunuzi wa Pweto bananingojea. Situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui naenda wapi.

Alhamisi, 11 juin

Ennie, nesi wa ku hospitali, alipita asubuhi. Kuna munganga amefika kutoka Lusaka, mwanamuke, Docteur Kabamba. Anatafuta batoto ambao kifua chao hakiponi. Nilifunika samaki, tukaenda.

Veranda ilijaa bamama. Sikujua! Nilizani niko peke yangu. Kila mumoja na mutoto mwembamba, kila mutoto na kile kikohozi cha maji.

Olipa alipuliza ndani ya mupira wa mashine ya kupima pumzi. Halafu munganga akamutembeza kwenye koridori. Kufika mwisho midomo ikawa rangi ya wino. Bakamupiga picha ya kifua. Docteur Kabamba akainua picha kwenye dirisha, akanionyesha: chini, upande wa kushoto, mirija ya mapafu imepanuka na kuharibika, usaha unakaa mule hautoki. TB haiko. Pengine ni kovu la TB ya zamani, pengine ni zile nimonia za udogo, pengine kuna kitu kingine chini yake.

Nikamuuliza dawa iko wapi. Alishusha picha.

— Mama Olipa, sitakudanganya. Vitabu nilivyosoma vinasema juu ya wazee bavuta sigara, na batoto ba Ulaya. Juu ya batoto ba hapa, wanaokohoa hivi mwaka kwa mwaka, sikukuta kitu. Ndiyo maana nimekuja.

Nilikasirika. Kutoka Lusaka mpaka huku, kuja kusema hajui! Njiani hasira ikapungua. Bote waliotangulia walinipa jina la ugonjwa, na jina halikuponyesha.

Alitaka pia damu ya mutoto, ya kupima. Nikasema namungojea baba yake.

Jumapili, 14 juin

Sikwenda ku kanisa. Munganga alisema moshi unamuumiza Olipa. Bon, nimehamisha moto wa samaki karibu na maji. Upepo ukageuka, moshi wote ukarudi mu nyumba. Nikahamisha tena. Majirani bananicheka.

Asubuhi na jioni namulaza tumbo juu ya magoti yangu, kichwa chini, napigapiga mugongo na kiganja kama nilivyofundishwa. Leo yalitoka makohozi ya kijani, mengi, mpaka tukaogopa. Baadaye akalala muchana bila kukohoa. Kimya kile sikukizoea. Niliacha samaki, nikaenda kuweka mukono mbele ya pua yake. Alikuwa anapumua. Nikarudi. Nikaenda tena.

Jumatano, 17 juin

Davies amefika na boti. Nilimueleza yote. Mashine, sawa. Picha, sawa. Damu — hapana.

Alisema zamani walikuja banganga wengine, bakachoma batoto vidole, bakaandika, bakapanda gari. Mpaka leo hakuna aliyerudi kusema waliona nini. Ni kweli. Hata mimi nakumbuka.

Mais hiyo si yote. Alikuwa anashona wavu, haniangalii. Nikamuuliza anaogopa nini.

— Unajua wanatafuta nini mu damu, alisema polepole. Na wakikiona kwa mutoto, mutoto alikipata wapi?

 Mudogo wake Olipa tulimuzika kabla hajatembea. Dada yangu ku Pweto alikonda, akakonda, akafa, na ku kilio hakuna mutu aliyetaja jina la ugonjwa. Hapa pia halitajwi. Banasema "ugonjwa wa sasa", banageuza maneno. Damu ya Olipa inaweza kusema juu yetu wawili.

Mimi na Davies tulikula bukari, ugali wetu, macho kwenye sahani. Olipa alituangalia, mara huyu, mara huyu.

Jumamosi, 20 juin

Olipa vibaya. Homa, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Davies alimubeba mugongoni mpaka hospitali, alikimbia.

Mashine ya oksijeni iko moja. Moja! Bamegawa mupira kwa batoto wawili, Olipa na mutoto mudogo wa nimonia. Umeme ulikatika saa ya chakula. Docteur Kabamba alikaa juu ya kitanda, akamuweka Olipa wima kwenye kifua chake, akamushikilia vile mpaka umeme ukarudi. Davies alisimama ku ukuta, kofia mukononi. Aliona yote.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 22 juin

Homa imeshuka. Olipa ameomba chai.

Docteur Kabamba anarudi Lusaka kesho. Juu ya damu hakutuuliza tena. Davies ndiye alimufuata kwenye koridori, mimi nyuma yao.

— Ukichukua, utarudi?

— Nitarudi.

— Hata kama mutoto amekufa?

Munganga alimuangalia usoni. 

— Hata hivyo. Nitakuja niwaambie alikuwa na nini.

— Basi anza na mimi, Davies akasema. Akakunja mukono wa shati.

Alikaa kwenye kiti, Ennie akamufunga mupira ku mukono, akachoma. Halafu Olipa akatoa mukono wake mwenyewe, uso ameugeuzia ukuta.

Sasa zamu yangu. Mimi ndiye niliyetaka! Mimi nilisema twende, mimi nilimueleza mume wangu.  Mais niliomba nikae kidogo hapa kwenye benchi. Mikono ya sweta yangu nimeishusha mpaka viganjani. Ni damu kidogo tu, najua. Najua.

Ennie ameita jina langu. Davies amesimama mulangoni, amebana pamba kwenye mukono. Ananingojea. Nimebaambia nimalize kwanza huu mustari.

Ennie ameita tena.