Mstari wa Mita Moja na Sabini

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, mgongo umepunguza kuuma na wakubwa wako wa kazi wamekubadilishia zamu kama ulivyoomba. Sisi tunapumua. Mama ni mzima. Miguu yake ni ile ile, mdomo ndio umezidi nguvu. Binti yako hana hata mkwaruzo, analala chumbani kwangu, na jana amenivunjia miwani. Mumeo yu hai. Nimeiweka sentensi hiyo mapema ili iliyobaki uisome ukiwa umekaa.

Najua simu kwenu hukamata siku ya mapumziko tu, na najua kuna mtu ameshakutumia picha. Usizitazame. Mwenzako wa kazini anarudi huko Ijumaa, nitampa barua hii akukabidhi mkononi. Siku unaondoka uliniambia, "Dada, likitokea jambo usinipambie." Sikupambii.

Shemeji yuko wodi ya mifupa, kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Mbavu tatu. Jicho la kushoto, daktari amesema tusilitegemee. Mlangoni amewekwa askari, na kazi zake ni mbili: mumeo asitoroke, na asifuatwe akamaliziwa.

Hayo yametokea Jumanne, kwenye mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu barabara kuu. Barabara unaijua. Kilomita kumi na moja za kwenda mjini zinakula saa mbili na nusu za asubuhi, na mvua ikinyesha sawasawa, pale bondeni panageuka mto. Serikali imepata nia ya kuitengeneza, ikataka kutusikia. Tulijaa ukumbi wa shule, watu kama mia nne, wengine wamekaa madirishani. Tuligawiwa fomu: unaridhika na barabara, huridhiki, huna maoni. Mama mmoja muuza mitumba akamuuliza karani, "Mwanangu, aliyechoka anaweka tiki wapi?" Watu wakacheka. Ilikuwa saa nne, na bado tulikuwa tunacheka.

Maoni yalitolewa ya kila namna. Madereva walitaka njia ya mabasi peke yake. Muuguzi mmoja alisema wajawazito wawili wamejifungulia kwenye foleni mwaka huu, akaketi. Wengi walitaka barabara inyanyuliwe juu. Muuza magodoro, yule mwenye ukuta mrefu bondeni, akasimama kwa hasira: "Mkiinyanyua barabara, sisi tulio pembeni mtatufanya bakuli! Maji yote yatakuja kulala kwangu, na magodoro nayo yalale wapi?"

Hapo ndipo mhandisi akawasha mashine yake na kutuonyesha ramani. Kila jengo la bondeni ambalo alama ya mafuriko yake, kwa kusoma ule ukuta wa muuza magodoro, imezidi mita moja na nusu litabomolewa, pachimbwe bwawa la kupokea maji. Majengo arobaini na matatu, yote ya upande wa chini. Na nyumba yenu imo.

Unaikumbuka mistari ya mumeo. Kila mafuriko yakipita, alikuwa akichukua brashi yake ya mabango na kuchora mstari wa bluu kwenye ukuta wa muuza magodoro, pale maji yalipofikia, na kuandika mwaka. Alianza kama mzaha. Kisha madereva wakaufanya ndio kipimo chao. Mvua ikiwa kubwa, basi lilisimama juu ya mteremko, kondakta akashuka hadi ukutani na kunyoosha mkono. Ikiwa kati ya maji na mstari wa mwaka uliopita panaingia mkono mzima, toka bega hadi vidole, basi linapita. Mkono usipoingia, wanarudi. Hakuna aliyewafundisha, na kwa miaka sita hakufa mtu.

Mafuriko ya mwaka jana nilikwenda na futi yangu ya fundi cherehani kwa ajili ya gazeti. Mita moja na sentimita kumi na mbili. Niliiandika hivyo, na mumeo alichora hapo hapo.

Sasa nakuambia nililokuficha. Mwezi wa kumi na moja zilivuma habari kwamba wapimaji watakuja kusoma ile mistari, na kwamba penye zaidi ya mita moja na nusu ndipo patakapotengenezwa kwanza. Jumapili moja mchana nilimkuta shemeji ameupaka ukuta wote rangi nyeupe upya, anachora mstari wa mwaka jana kwenye mita moja na sabini. Nikamuuliza kwa lile jina lake la mtaani, "Rangi Mbili, maji yamerudi usiku?" Akacheka kidogo. Akasema, "Shemeji, wenzangu wa bondeni wameniomba. Tusaidiwe na sisi." Nikamuuliza wenzake gani. Akasema ni watu sita, na akaishia hapo.

Nina miaka ishirini na minane katika kazi hii. Angekuwa mtu mwingine, kesho yake ningeliandika gazetini. Alikuwa shemeji yangu, nikaenda zangu nyumbani.

Mwezi wa tatu ulisikia habari za basi la wafanyakazi. Nilikuwa pale walipolivuta kwa winchi. Lilikuwa limelala ubavu chini ya kalavati, matope yamejaa mpaka kwenye feni ya dereva. Watu tisa. Wanne walikuwa wameshikana kwenye dirisha moja la nyuma, na vioo vimewakata vidole, kwa sababu walikuwa wanalivunja kwa mikono. Dereva alikutwa bado amefungwa mkanda. Alikuwa mtu mwangalifu, kila mtu alilisema hilo, na hakuna aliyeelewa kwa nini aliingia. Maji siku ile yalikuwa mita moja na sentimita tano. Nilipima. Niliiandika namba hiyo kwa mkono wangu na bado sikujumlisha.

Aliyetoka hai ni kondakta, yule wanayemwita Sauti. Tangu siku hiyo hakupanda basi tena.

Basi, turudi ukumbini. Ramani ilipoonyeshwa, watu wa bondeni walilipuka. Fundi matairi akapanda juu ya kiti: "Mstari ule si sahihi! Muulizeni mwandishi yule pale, gazeti lake liliandika!" Mhandisi akaniomba nisimame. Nilijua kwamba namba ya kweli itaziokoa nyumba arobaini na tatu, na yenu ikiwemo. Nikaisema. Mita moja na kumi na mbili. Walishangilia, mdogo wangu. Walipiga meza. Fundi matairi alimkumbatia muuza magodoro, watu waliokuwa hawajasalimiana tangu kesi ya mpaka.

Shangwe ilipopungua, Sauti alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Dada mwandishi, rudia."

Nikarudia.

"Na ukutani imeandikwa ngapi?"

Mhandisi akasoma kwenye karatasi yake, bila kujua anachokifanya: "Moja na sabini."

Sauti akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, kama wanavyofanya pale ukutani, akautazama kutoka begani mpaka vidoleni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyewaambia waingie. Mkono uliingia wote." Akauliza, "Nani alichora?"

Mumeo alikuwa safu ya tatu. Alisimama. Nataka ulijue hilo: alisimama mwenyewe, kabla hajatajwa. Alifungua mdomo, lakini mtu wa nyuma akamwahi: "Ni yeye! Tena katumwa na watu wa upande wa juu, ili sisi tuvunjiwe!" Maneno hayo yalitoka kwa watu wa bondeni. Sikuuona mdomo ulioyasema, ningeuona ningekuandikia.

Kiti cha kwanza kilimpata kifuani. Cha pili kilikuwa cha chuma, alikikinga kwa mkono, na nikausikia mkono ukivunjika kutoka mita nne. Akaanguka kati ya safu. Walimpiga kwa miguu ya viti, kwa viatu, mmoja kwa kopo la chai la moto. Muuza magodoro, aliyekuwa akishangilia dakika mbili nyuma, alimkanyaga kichwa kwa kisigino mara tatu. Nilihesabu. Nilijitupa juu ya mumeo, nikapigwa mdomoni, jino la mbele limekwenda. Sauti hakumpiga. Alibaki mlangoni, mkono bado ameunyoosha.

Askari walirusha mabomu ya machozi ndani ya ukumbi wenye mlango mmoja uliofunguka. Watu mia nne wakauendea. Karani wa fomu alikanyagwa na kuvunjika nyonga. Mhandisi tulimkuta chini ya meza, amekumbatia mashine yake.

Hawakuishia hapo. Walikwenda bondeni wakaichoma karakana yenu ya mabango, makopo ya rangi yakilipuka moja moja. Walivunja madirisha ya nyumba yote. Mama alikuwa ndani na binti yako. Mama aliwafungulia mlango akiwa na mwiko mkononi, akawauliza nani wa kwanza. Waliondoka. Saa moja baadaye niliwachukua wote wawili.

Sauti alikuja wodini Alhamisi. Askari alimpekua mara mbili. Akakaa kwenye kiti, akasema, "Sikuja kukupiga. Nitajie waliokutuma, basi." Mumeo akageuza uso ukutani. "Nilichora mimi." Sauti akainuka, akaondoka bila kuaga.

Kesi inatajwa tarehe 26. Anashtakiwa kwa vifo vya watu tisa, na anashtakiwa peke yake. Nimemwomba ayataje yale majina sita, nimemwomba kwa upole na nimemwomba kwa matusi. Ananiambia, "Shemeji, watoto wetu wanasoma darasa moja. Nikitoka nitaishi na nani?" Nikamwambia, watu hao hao ndio walioichoma karakana yako. Akasema anajua, aliwasikia sauti zao.

Mimi kesho saa nne natoa maelezo yangu polisi. Nitasema nilimwona akichora na nilinyamaza. Mhariri wangu ameshaniambia nisirudi ofisini mpaka aniite, na tunavyojuana, hataniita. Lakini majina siyajui. Maelezo yangu hayatamgusa hata mmoja wa wale sita.

Wewe nadhani unayajua. Hajawahi kukuficha kitu. Hata alipouza baiskeli yako alikupigia kabla ya mnunuzi kuipanda. Kama alikutajia wakati ule, andika majina kwenye karatasi, utie sahihi, umpe mtu yeyote anayekuja huku kabla ya tarehe 26. Ukiyaandika, mumeo atakukasirikia, na mtaa ule hamtaishi tena. Usipoyaandika, atakwenda jela peke yake kwa jambo walilolifanya watu saba, na wa nane mimi. Mama anasema uichome barua hii. Mimi nasema uandike. Uamuzi ni wako, wala sitakuuliza mara ya pili.

Mama anakusalimu na anataka kujua kama unakula. Mjomba fundi saa anakusalimu. Ndiye anayelala wodini, tunapokezana. Binti yako anasema umletee viatu vyenye taa, na ameuliza kwa nini baba haji kumchukua. Nimemwambia baba ameumizwa na watu. Akauliza watu gani.

Mungu akuzungushie ulinzi wake huko ugenini, akutulize moyo, na akuonyeshe la kufanya.

Wako, dada yako mkubwa akupendaye.