Vumbi la Baba Mkwe

Kaka, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Si unajua kesho baba mkwe anatimiza miaka sabini? Nikasema nimpe zawadi ya jasho langu. Nikaiosha pikapu yake, nikaipaka nta kwa kitambaa, kwa mkono wangu, masaa matano. Inang'aa, unaweza kujitazama ukinyoa ndevu.

Baba mkwe mwenyewe, Mzee Merv, akatoka na kikombe chake cha chai. Akaizunguka pikapu mzima mzima. Halafu: "Vumbi langu liko wapi?"

VUMBI LANGU, kaka!

Kumbe lile vumbi jekundu lililoganda kwenye pikapu ni la jangwa la Simpson, alilolivuka kwa gari hilo hilo. Kalitunza miezi kumi na moja, kesho kwenye sherehe awatambie wenzake wa klabu ya safari za jangwani. Na mke wangu alijua! Yuko jikoni anacheka.

Nikaomba radhi. "Usijali, mkwe," akasema. "Jumatatu tunafuata lingine huko huko jangwani. Wiki mbili, mimi na wewe tu. Na hicho kitambaa chako kiache hapa."