Chai Iliyojaa Pomoni

Jumatatu, 4 Machi
Nimeamka mwenyewe! Nimesuka nywele, nimekanda unga. Wiki ya sita ya vidonge hivi vya huzuni. Wakati wa theluji nilikuwa gogo tu kitandani. Alhamdulillahi! Ila mkono wa kulia unaruka wenyewe, kama mtu kanigonga kiwiko. Sijamwambia mtu. Wakininyang'anya vidonge je?

Jumatano, 6 Machi
Aibu! Washenga wa kumposa wifi yangu Oydin wamekuja kutoka mji wa Qo'qon. Mkaza mwana ni mimi, kumimina chai ni kazi yangu. Nusu kibakuli, mkono wa kushoto kifuani, kwa adabu. Nikafika kwa bibi wa meno ya dhahabu, mkubwa wao — mkono ukaruka! Kibakuli pomoni. Na kwetu kumjazia mgeni ni kumwambia anywe ajiondokee. Bibi akakitazama, akanitazama. Haya, tumeshafukuzwa, akasema. Hata pilau hawakuonja. Oydin amelia. Mimi zaidi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemweleza mama mkwe yote. Nilidhani atasema jini. Wapi! Kanishika mkono, akausubiri. Ukaruka. "Ehe! Kumbe mkorofi ni huyu, si wewe." Kanipeleka kwa daktari mwenyewe. Daktari: ni vidonge, baadhi ya watu huwafanya hivyo. Nisiache ghafla, tupunguze. Nikauliza, na lile giza likirudi? Hakuniahidi kitu. Naogopa, jamani.
Alasiri mama mkwe kanyoosha kibakuli chake. "Jaza mpaka juu, mwanangu. Mimi niko kwangu, hunifukuzi." Nimecheka hadi machozi. Mungu amweke!

Jumapili, 17 Machi
Siku ya kumi ya nusu kidonge. Juzi niliamka mzito, nikadhani lile giza limerudi — kumbe mchana ukapita vizuri. Mkono bado, lakini mara mojamoja.
Washenga wamerudi! Mama mkwe aliwafuata Qo'qon, akawaambia ukweli wote, vidonge na kila kitu. Nani husema hayo kwa washenga? Mwingine angenificha chumbani.
Naandika jikoni, maji yanachemka. Oydin kaja mbio: wifi, nikumiminie mimi? Kabla sijajibu, sauti ya mama mkwe kutoka ukumbini: "Anamimina mkaza mwanangu!" Na bibi wa meno ya dhahabu: "Na ajaze tu, leo hatutoki mpaka tule pilau."
Nimeshika birika. Mkono umetulia. Hapana — umeruka. Naingia hivyo hivyo.