Kona Iliyokunjwa Mara Mbili

Jumatano, 16 Mei. Asubuhi manyunyu tangu saa kumi na mbili, upepo mdogo wa baharini, mawingu mazito upande wa bandari.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu iliyovimba kwenye basi sasa inaingia kwenye viatu vyake bila ugomvi. Mama Mdogo naye vipi na goti lake? Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu kutoka kwenye meza yake ya kutengenezea saa. Anasema tangu uondoke hana mtu wa kumwambia kwamba saa zote dukani kwake zinadanganya, na kila moja ina uongo wake. Somo wako analalia upande ule wa kitanda uliolalia wewe, na amekataa shuka kubadilishwa. Nimempa mpaka Ijumaa.

Uliniomba pale stendi nikuandikie safari yote kwa mpangilio ili umsomee Mama Mdogo, kwa sababu wewe ukisimulia unaanzia kwenye lifti na kuishia kwenye lifti. Basi nimefungua shajara yangu, na ninakuandikia kutoka humo.

Ijumaa ulifika saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni. Baada ya kula nilikupa ratiba niliyoiandika wiki nzima: jumba la makumbusho, jengo la ghorofa ishirini na mbili, nyumba ya samaki, na Jumapili ukuta wa mawe unaoingia baharini, kwenye mnara wa taa. Kila mahali nilikuwa nimeandika saa ya kufika na saa ya kuondoka. Uliisoma yote kwa kidole, ukaigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi, kisha ukauliza bandari iko wapi. Nikasema siku hizi bandarini hawaruhusu wageni. Ukasema samaki umewaona maisha yako yote, ingawa ni kweli walikuwa wamekufa. Ulichokuja kukiona ni bendera yako moja tu ikiwa juu. Miaka ishirini na miwili umezishona bendera za ishara, hizi ambazo meli huzungumza nazo, na zote umeziona zimelala mezani. Nikarudia kwamba hawaruhusu. Ukasema basi. Ukaikunja ratiba yangu mara nne, ukaiweka chini ya bilauri.

Jumamosi nilitoka alfajiri kununua mkate nikachelewa sana, ukaniuliza kama ngano ndiyo kwanza inapandwa. Saa tatu tulikuwa kwenye makumbusho. Mama Mdogo lazima asikie hili: mlinzi alitangaza kwamba ni marufuku kugusa, na wakati anatangaza wewe tayari ulikuwa umekunjua pindo la koti la nahodha wa zamani. Ukamwambia pindo hilo si la awali, limeshonwa upya na mtu aliyekuwa na haraka, tena mwenye njaa. Mlinzi akakuletea kiti.

Kwenye jengo refu ulimsalimia mwendesha lifti, ukamuuliza kama jioni huwa anarudi nyumbani na tumbo lake au analiacha ghorofa ya kumi. Akasema mwezi wa kwanza alikuwa akiliacha. Huko juu sisi tulitazama bahari, wewe ukatazama kamba za nguo kwenye mapaa, ukasikitika kwamba mji mzima haujui kuanika shati. Somo alitaka mshuke na kupanda tena, na wewe ukajifanya unamridhisha mtoto. Mlipanda mara tatu. Ratiba yangu ilisema mara moja.

Nyumba ya samaki ilikuwa ya mwisho. Mkweo alituonyesha samaki bapa aliyelala chini akitutazama kwa jicho moja, akasema ni mwenye nyumba wake wa zamani. Papa, yeye, alikuwa akienda na kurudi, akienda na kurudi. Ukasema anafanana na mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Nimeliandika hilo kwenye shajara kama ulivyolisema.

Jumapili hali ya hewa ilikuwa safi. Tulikwenda kwenye ukuta wa mawe, mahali ambapo unaona mlango wa bandari bila kuingia bandarini. Saa nne na dakika ishirini ilitoka boti ya rubani, yule mtu anayekwenda kuzipokea meli na kuziongoza ziingie salama. Juu yake ilikuwepo bendera, nusu nyeupe na nusu nyekundu. Ulivua miwani ukaifuta, ukaivaa, ukaivua tena. Somo akauliza kama ni ya kwako. Uliiangalia mpaka boti ikawa ndogo kama punje, halafu ukasema maneno mawili tu: kona imekaa.

Kisha alikuja yule mzee wa mnara wa ishara, Mpandisha Bendera, akiwa amemaliza zamu yake. Akakusalimia kwa heshima, kofia mkononi. Ulimuuliza bendera ile imefika lini, akajibu imefika jana asubuhi. Ukamuuliza habari za yule afisa wa bandari anayekuandikia maagizo, kama kikohozi chake kimepona. Akasema afisa huyo hamjui, ila mkono wako anaujua, maana kona za bendera zako hukunjwa mara mbili na kushonwa mshazari, na hazichaniki. Ukanitazama kwa muda wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano. Halafu ukasema njaa inauma, twende.

Jumatatu nilikupeleka stendi. Ukiwa dirishani uliniambia nimwambie afisa wangu wa bandari aendelee kukuandikia habari za mvua, kwa kuwa ofisi nyingine hazikuandikii. Nikacheka, nawe ukacheka, basi likaondoka.

Hapa, Mama, acha kusoma kwa sauti. Mwambie Mama Mdogo barua imeishia stendi. Akikataa, mwambie yaliyobaki ni mambo ya dawa za minyoo za Somo, hatauliza tena.

Bandari iliacha kununua bendera zako miaka mitatu iliyopita. Barua yao ilipitia kwangu, kama ambavyo vitambaa na vifurushi vyote vilikuwa vikipitia kwangu tangu nihamie huku. Ilikuwa na mistari minne: wanashukuru kwa kazi nzuri, kuanzia sasa watanunua zilizotengenezwa kiwandani. Nilikuja nayo nyumbani, imo ndani ya mkoba. Ulikuwa mwezi wa pili tangu Baba afariki. Nilikukuta umekaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, na chini yake hakuna kitambaa. Uliniuliza bandari wanasemaje. Nikafungua kinywa kukwambia, nikasikia sauti yangu ikisema wanataka tatu za nyekundu na nyeupe kabla ya mwezi kuisha, barua inakuja. Ukainuka kutafuta mkasi.

Tangu siku hiyo afisa wa bandari ni mimi. Unajua mimi ni karani wa masjala, barua za ofisi ndizo ninazoshinda nazo, kwa hiyo kuandika kama ofisi hakukunishinda. Kila baada ya miezi miwili nilikuagiza bendera tatu. Vitambaa nilinunua mwenyewe, na ujira wako nilitoa kwenye mshahara wangu. Mkweo anajua. Hilo silijutii. Nilimpa afisa sahihi isiyosomeka, na mwaka jana nilipougua mimi nikampa yeye kikohozi. Ukamfumia skafu ya kijivu, ukaandika aivae asubuhi hasa. Ninaivaa mimi, asubuhi hasa.

Bendera zako zote, hamsini na nne, zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda kile ulicholalia. Alhamisi, siku moja kabla hujafika, mkweo alilibeba kwenda dukani kwake huku akilalamika kwamba anabeba meli bila bahari. Ndiyo maana bandari haikuwemo kwenye ratiba. Niliogopa utamuuliza mtu yeyote mlangoni, na yeye akujibu.

Lakini ulipoikunja ratiba mara nne usingizi ulikataa. Jumamosi sikwenda kununua mkate. Nilikwenda bandarini na bendera moja ndani ya mfuko, nikamsubiri Mpandisha Bendera, nikamweleza yote, mtu nisiyemjua, nikamwomba aipandishe hata kwa dakika tano. Alikataa. Alisema bendera si pambo la dirishani. Ukiipandisha bila sababu, umeziambia uongo meli zote zinazoiona. Sijawahi kuona haya kama nilivyoona pale, nikiwa nimesimama na uongo wa miaka mitatu mkononi mwangu, umekunjwa vizuri.

Halafu akapitisha kidole gumba kwenye kona. Akauliza ni ya yule mama? Akanipeleka stoo akanionyesha bendera za kiwandani, tisa, zote zimeraruka mahali pamoja. Ile ya boti ya rubani ilikuwa imechanika tangu Jumatano, na Jumapili kulikuwa na meli ya kupokewa. Boti ile haitoki bila bendera yake. Akasema hii ataichukua kwa sababu inahitajika, si kwa sababu nimeomba. Kwa hiyo ulichokiona, Mama, kilikuwa kweli. Bendera yako ilikuwa kazini.

Hayo pekee huenda ningeyanyamazia mpaka kaburini. Kilichonifanya nishike kalamu ni karatasi iliyoletwa ofisini kwangu jana mchana. Imo ndani ya bahasha hii. Mpandisha Bendera amepata kibali cha mkubwa wake, na anaagiza kwako bendera moja, ya manjano, ya seti wanayofundishia wapandishaji wapya. Moja tu. Nilitaka kuipitisha kwako kama kawaida, nikaona siwezi. Ungeiweka pamoja na zile barua zangu kumi na nane, ukaishona bendera yake kama zile nyingine, bila kujua kwamba baada ya miaka mitatu hii ndiyo umeagizwa kweli. Isome uone. Ina vipimo, ina tarehe ya mwisho, haina salamu wala mvua.

Nimeandika hilo neno, mvua, nikasimama. Nimerudi kwenye karatasi ya kwanza ya barua hii kuangalia mstari wa juu.

Mama, hivi ndivyo ninavyoanza shajara yangu tangu kidato cha kwanza, na daftari la kwanza ulininunulia wewe. Nimekwenda kutoa nakala za barua za afisa. Zote ziko hivyo. Tarehe, halafu mawingu, halafu upepo, ndipo bendera tatu za nyekundu na nyeupe. Barua kumi na nane, na hata moja sikuiona kasoro yake. Karani wa masjala.

Kumbe ulijua. Sijui ni tangu ya kwanza au tangu kikohozi. Skafu ilinienea tangu siku ya kwanza, na sikujiuliza kwa nini afisa wa bandari ana shingo nyembamba kama yangu. Nimekaa hapa nikijiuliza kwa nini uliendelea kushona, nikapekua shajara. Mimi kama mwanao, kabla ya mambo haya, nilikuwa nakuandikia mara mbili kwa mwaka. Afisa alikuandikia kila miezi miwili bila kukosa. Sasa naelewa kwa nini hukutaka afukuzwe kazi.

Ninalojutia ni zile hamsini na tatu zilizobaki sandukuni. Ulizishona kwa ajili ya upepo, na mimi nikazilaza gizani. Mpandisha Bendera anasema zitachakaa zile za kiwandani, naye atakuwa akiniagiza moja moja kadiri haja itakavyotokea, wala hataahidi zaidi ya hapo. Nimemwamini kwa sababu hakuahidi.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la kwanza, peke yangu, nikuletee kitambaa cha manjano. Najua huipendi bendera hiyo. Ulikuwa ukisema haina kazi, haina mstari wala pembe, mtoto anaweza kuishona. Nami nilikuwa sijui maana yake mpaka yule mzee aliponiambia. Chombo kikitoka mbali, kabla hakijaingia bandarini hupandisha hiyo ya manjano na kusubiri nje. Maana yake ni kwamba watu wake wote ni wazima, na kinaomba ruhusa ya kuingia.

Msalimie Mama Mdogo na majirani wote walioniulizia. Somo anasema usisahau lifti. Huku kwangu watu wangu wote ni wazima, Mama. Naomba ruhusa ya kuingia.

Mimi mwanao,
ambaye pia ni afisa.

Nimeongeza Alhamisi asubuhi kabla ya kufunga bahasha: jana nililala saa tano na robo usiku. Hali ya hewa ya leo siiandiki. Nitakuja kukwambia mwenyewe.