Siku ya Pili Baada ya Bamvua

Maskati

Kwa mdogo wangu Athumani,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na magoti ya mama yamepoa. Kila nikiwaandikia huwa nasema mimi huku sijambo. Safari hii sisemi, kwa sababu nimekudanganya mwaka mzima, na uongo huo umemuumiza mtu mwingine. Sikupiga simu maana simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako. Atakuletea jirani yangu wa hapa anayekuja Tanga likizo.

Mwaka jana nilishikwa na homa kali. Homa ikaisha, mimi nikabaki hivi hivi. Nalala saa kumi nzima, naamka kama niliyelima usiku kucha. Nikisimama ghafla, kizunguzungu. Viungo vinauma, taa za kiwandani zinanichoma macho. Unanijua mimi kwa cherehani. Basi mwezi uliopita nilishona shati lenye mikono miwili ya kushoto, nikalikunja vizuri nikampelekea msimamizi bila kuona kitu. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Nimepimwa mara tatu. Malaria hakuna, sukari hakuna, damu ipo ya kutosha. Nikajiona mvivu tu. Wiki iliyopita daktari mmoja, mama wa makamo, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukifanya kazi nyingi, unaanguka siku ile ile au baadaye?" Nikafikiri, nikamwambia, "Siku ile nakuwa sawa. Naanguka kesho yake au siku ya pili, na hapo sinyanyuki siku tatu." Akaweka kalamu chini. Akasema kwa vipimo vyote hivi na miezi yote hii, huu ni ugonjwa, unaitwa uchovu sugu, na hiyo ndiyo alama yake kubwa. Usingizi hauuondoi, na kujikaza ndiko kunakouzidisha.

Athumani, palepale mbele yake nilimkumbuka Saumu.

Unakumbuka nilipokuja likizo? Bamvua ikiingia na maji yakitoka mbali, mkeo alikuwa wa kwanza kwenye mwani, siku nne tano mfululizo ameinama akifunga kamba. Yakija maji mafu yasiyotoka mbali, wenzake wanarudi kufua na kutwanga, yeye yuko kitandani, mlango kafunga, hata sauti ya redio hataki. Mama akasema, "Huyu ana nguvu za pwani, za jikoni hana." Sote tukaafiki. Nikamfuata chumbani, akaniambia, "Wifi, mimi silali, nafumba macho tu. Naamka nimechoka kushinda nilivyolala." Nikamjibu, "Basi fumbua, maji ya kunywa hayapo." Nikatoka nacheka, na nyinyi uani mkacheka. Wala hakuwa hivyo ulipomuoa. Alibadilika baada ya ile homa ya masika, sote tuliona, na hakuna aliyeunganisha.

Kisha uliponiomba shauri nikakutumia ule ujumbe wa sauti: "Mbona mimi nachoka na kazini naenda? Mke wa hivyo wa nini? Mpe chake arudi kwao Maramba." Nilisema hayo nimelala sakafuni, sijiwezi. Nilimchukia kwa sababu yeye alithubutu kulala na mimi sikuthubutu. Ukampa talaka moja. Tukamtoa nyumbani na eda haijaisha, jambo ambalo hata dini hairuhusu. Naona aibu, mdogo wangu. Naona aibu sana.

Mimi si daktari. Huenda yake ni upungufu wa damu au kitu kingine, kwa hiyo apimwe kwanza hospitali ya mkoa. Lakini usimwambie daktari "anachoka" ukanyamaza. Mweleze habari ya bamvua na maji mafu kama nilivyoiandika hapa. Dawa ya kuuondoa uchovu sugu hakuna, nimeambiwa wazi. Kuna kufanya kidogo na kuacha mapema, kabla mwili haujagoma. Mimi sasa nashona nusu siku, na barua hii nimeiandika kwa siku sita. Akirudi, mwani asiuguse hata siku moja mpaka apate nafuu, na maji utachota wewe, watu wacheke wanavyotaka.

Mama kaniambia eda imebaki wiki mbili. Nenda Maramba mwenyewe, usitume mshenga. Waambie wakwe zako kwamba aliyemwita binti yao mvivu ni wifi yake, na kwamba alikosea.

Mpe mama shikamoo yangu, ila haya ya Saumu niachie nimweleze mimi. Shikamoo pia kwa shangazi Mwanaisha aliyetulea, na msalimie shemeji yetu fundi seremala na wanawe wote.

La mwisho. Sheria ya dini inakuruhusu kumrejea bila hata kumuuliza. Mimi nakuomba umuulize. Keti naye, umpe muda wa kujibu, maana maneno humpotea kama yanavyonipotea mimi. Akisema ndiyo, mlete taratibu, mpumzike njiani. Akisema hapana, muage vizuri uondoke, na nyumbani usimruhusu mtu yeyote kusema kwamba amekataa kwa uvivu.

Dada yako,
Mwanaidi