Mapitio ya Kwanza Bila Zuhura

Shoga yangu Zuhura,

Ile bahasha ya kahawia imekuja tena. Wewe ndiye uliyekuwa ukiiita barua ya mkwe, kwa kuwa haiji ila kutaka maneno. Safari hii ilinikuta peke yangu. Wameandika kwamba posho yangu ya ulemavu inapitiwa upya, nijaze fomu na niambatanishe ushahidi. Nikaiweka juu ya friji, nikawa naipita kwa mbali. Nikiitazama nakusikia ukisema, "Hebu lete tuwaone wanataka nini."

Bila posho hiyo, unajua mwenyewe. Hakuna teksi ya kunipeleka kliniki, wala mtu wa kuja kila Ijumaa kunisaidia kuoga. Ningebaki humu ndani na hii baridi yabisi yangu, nikitazama dirishani.

Nimeikumbuka mara ya kwanza, wakati mimi na wewe tulikuwa majirani wa kusalimiana tu kwenye ngazi za hapa Stratford, huku ugenini. Nilikwenda kwenye tathmini peke yangu. Mama mmoja wa ofisini akaniuliza hali, nikamjibu kama tulivyolelewa Unguja: sijambo, namshukuru Mungu. Akaniuliza kama napika. Nikasema napika, maana mwanamke gani atamwambia mgeni kwamba jikoni kumemshinda? Wakaninyima. Ukanikuta ngazini nalia, ukaisoma barua yao umesimama, mifuko ya sokoni inaning'inia mkononi. Ukaniambia, "Mwanaidi, Mungu anajua kama unamshukuru. Huyu mama wa ofisini hajui kama unaumwa. Mwambie."

Ukaja nami kwenye rufaa, wewe ambaye hata chai yangu ulikuwa hujawahi kunywa. Nilipoanza kusema "najitahidi," ukanikanyaga mguu chini ya meza. Mguu wenyewe ndio huu mbovu! Nikapiga ukelele, wale waliokaa mbele yetu wote wakainua vichwa. Na wewe, kwa Kiingereza chako cha Mombasa, ukawauliza, "Mmeona?" Tulipotoka nje tulicheka mpaka basi letu likatupita. Sijacheka hivyo tena, shoga.

Mapitio yaliyofuata, shahidi wangu ulikuwa wewe. Sasa nimekwenda ofisi ya ushauri, msichana mmoja mpole akanipangia karatasi. Akasema barua yangu ya kliniki imepitwa na wakati, niombe mpya. Nikapiga simu kwa daktari wetu, nikausikiliza muziki wao mpaka nikaujua. Bingwa wa viungo naye akaniandikia vizuri, Mungu ambariki. Lakini yule msichana akasema madaktari wanaandika ugonjwa, hawaandiki asubuhi yangu. "Nani anakuona nyumbani kila siku?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo nikutaje. Nikaufunga.

Nikarudi nyumbani na swali hilo. Halafu nikampigia mwanao Samira. Tangu arobaini yako alikuwa hajakanyaga ngazi zetu, na sikumlaumu, kwani mlango wenu sasa wanaufungua watu wengine. Nilizunguka maneno weee, nikamuulizia kazi, nikamuulizia baridi. Akanikata, kama vile ungenikata wewe: "Anti, unataka nini?" Nikamwambia. Akasema atakuja Jumamosi.

Alikuja asubuhi, akakaa jikoni bila kuvua koti. "Usinielezee," akasema. "Fanya kama siku zote, mimi nitaangalia."

Aibu niliyoiona, Zuhura! Nikamtengenezea chai. Birika nalitia maji kwa kikombe, kidogo kidogo, maana likijaa siliwezi. Kopo la sukari nikalifungua kwa meno. Nilimwona anataka kuinuka, akajizuia, akaikalia mikono yake. Tukaenda chumbani kuvaa. Vifungo vya gauni nilivipigania mpaka vidole vikagoma, nikakaa kitandani kupumzika nusu nimevaa, kama ilivyo desturi yangu siku hizi.

Hapo hakuweza tena. Akapiga magoti mbele yangu, akaanza kuvifunga kutoka chini kuja juu, taratibu. Alipofika kifuani nikaona machozi yanamdondoka. Akasema, "Mama nilimvalisha hivi hivi." Kisha akasema kwamba hajalia tangu siku uliyofariki, hata watu walikuwa wanamsema. Akaniangukia mapajani. Nikamwacha alie, na mimi nikalia, chai yetu ikapoa huko jikoni bila mtu wa kuijali.

Jioni akaandika ushahidi wake pale mezani. Ana mkono wako, Zuhura, hapambi neno. Ameandika alichokiona basi: hawezi kuinua birika, hufungua sukari kwa meno, hupumzika kabla hajamaliza kuvaa.

Tathmini ikafanywa kwa simu, Samira yuko pembeni yangu. Bwana mmoja akaniuliza hali yangu leo. Ulimi ukataka kukimbilia kulekule kwa zamani. Nikauzuia, nikamwambia: leo ni mbaya, na jana ilikuwa mbaya zaidi. Nikaendelea mpaka mwisho, hata ya chooni nikasema. Barua ikarudi: posho inaendelea, wala hawataniita tena karibuni. Nilipiga kigelegele hapa mlangoni mpaka jirani akatoka kuuliza kuna harusi gani.

Ahsante, shoga. Ahsante kwa kunifundisha kusema, na ahsante kwa mtoto uliyemlea. Sasa anakuja kila Jumamosi. Mimi, ambaye sikujaliwa mtoto, nakaa kitini naamrisha, yeye anakata vitunguu. Pilau lake bado linashika chini, lakini tunalila.

Kuna jambo moja linaniuma. Sijafika kaburini kwako. Miguu yangu na lile tope haviwezani, na Samira anaogopa kuja peke yake. Anasema akifika hatajua aseme nini. Ameshauliza, kumbe iko njia ya kokoto, kiti cha magurudumu kinapita. Basi nakuahidi: ardhi ikikauka tutakuja, yeye na mimi. Atanisukuma mpaka ulipo, nitakaa naye mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka. Akikosa la kusema nitasema mimi, maana mimi nawe hatujawahi kukosa maneno.

Mungu akupe nuru huko uliko. Pumzika, mpenzi.

Mimi wako,
Mwanaidi